Hukuwa Wewe Mdhamini Wangu

Baba, shikamoo.

Nakuamkia kwa kuwa ulinilea hivyo, si kwa kuwa nimeridhika nawe. Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza ilikuwa kilio kitupu. Ya pili ilikuwa na maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, nikaichana kabla Mama hajaiona. Mbili zilizofuata hata sizikumbuki. Hii ya tano nataka nikuhoji kama ulivyokuwa ukiwahoji madereva wa malori pale bandarini, miaka yote uliyokuwa karani wa kuhesabu shehena: mzigo huu umetoka wapi, nani kaufunga, na mbona lakiri ni mpya ilhali kontena lina kutu?

Kwanza habari za nyumbani, usije ukasema Mishi amesoma mpaka amesahau adabu. Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike. Mama yumo ndani na eda yake, anasikiliza redio siku kutwa na kugombana na watangazaji. Paka wako amehamia kwa jirani, na tukikutana njiani hujifanya hanijui. Ule mfereji wa bomba uani uliokuwa ukiufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli tumemwita fundi wa kweli autengeneze, na sasa unavuja kuliko zamani. Mtaa wetu wa Bofu, huku Likoni, ni ule ule. Mimi pia ni yule yule, daktari wa kawaida kwenye wodi ya watoto, nafanya kazi ya bingwa kwa sababu bingwa hatuna.

Mambo yalianza siku ya maziko yako. Sisi wanawake tulikuwa ndani, kwa hiyo niliyapata kwa kusimuliwa, ila nimesimuliwa na watu sita na wote wamesema neno moja. Ulipokwisha kusaliwa huko uwanjani, kabla jeneza halijanyanyuliwa, Ami Bakari alisimama mbele ya watu kutangaza madeni ya marehemu, kama desturi ilivyo. Unamjua ndugu yako akipewa kipaza sauti. "Mwenye kumdai ndugu yangu naaje kwangu mimi," akasema. "Na lile deni kubwa la masomo ya mwanawe daktari, alilolitilia sahihi kwa mkono wake, hilo twalibeba sisi nduguze. Mutuombee." Watu wakaitikia, wakakuombea rehema, ukabebwa.

Hakuna aliyejitokeza kudai hata shilingi. Nililia na kujivunia kwa wakati mmoja.

Lakini tangu siku hiyo Ami hakuwa na raha. Tumefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba nafsi ya maiti huning'inia na deni lake mpaka lilipwe, naye akawa anakuona unaning'inia. Habari za mkopo wangu hakuzijua sana. Alijua tu kwamba wewe mwenyewe ulikuwa ukisema umetia sahihi, na kwamba malipo yamechelewa kwa ule mwaka na zaidi niliokaa nyumbani nikingoja kazi, daktari mwenye shahada anauza barafu za ukwaju kibarazani. Kila baada ya sala ya alasiri akawa anapita kwetu. Hakai. Anasimama mlangoni na kuuliza, "Mishi, lile jambo la babako limefikia wapi?" kana kwamba mimi ndiye niliyekuweka rehani.

Ndipo ukaja mpango.

Ulikuja kwa bahasha, Baba, bahasha nene ya kupendeza, nawe ndiwe uliyenifundisha kuziogopa bahasha za kupendeza. Watu wa shirika moja la afya waliandika kwamba sisi tulio ng'ambo ya kisiwa, Likoni, Kisauni na Changamwe, tuna uhaba mkubwa wa mabingwa wa watoto. Ahsanteni, nikajisemea, nilikuwa sijui. Kwa hiyo daktari atakayekubali kwenda kusomea ubingwa wa watoto, kisha akarudi kutumikia mahali penye uhaba kwa miaka watakayoandikiana, atalipiwa mkopo wake wa chuo. Yale malimbikizo ya nyuma watayalipa pindi atakapotia sahihi, na yaliyobaki kidogo kidogo kila mwaka. Walitualika hotelini kutueleza. Palikuwa na sambusa zilizojaa nyama mpaka pembeni. Nilipoitafuna ya kwanza tu nikajua hapa pana jambo.

Ulikuwa na neno lako tulipokuwa wadogo, muuza duka akitupa peremende bila kulipa: "Mtu hakupi kitu mpaka ajue atakichukua vipi." Nilikaa kiti cha nyuma na neno hilo kichwani. Kwa nini fomu zirudishwe ndani ya wiki tatu, wakati watoto wameugua miaka yote hiyo bila haraka? Kwa nini ukurasa wa vituo vya kazi haumo, ati "utafuata"? Mwenye kueleza alikuwa Bi Wairimu, dada mpole kutoka Nairobi, mwenye sauti ya kubembeleza. Kila nilipouliza alijibu, "Swali zuri sana, daktari." Aliniambia hivyo mara tatu. Mtu akikusifia swali mara tatu, Baba, ujue jibu hana, au analo na hapendi ulisikie.

Nilipotoka nilimpigia Wambua, yule niliyesoma naye, aliyekuja kwetu Idi akamaliza biriani yote. Yeye aliingia kwenye mkataba kama huo kwa watu wengine miaka iliyopita. Aliahidiwa wodi ya watoto. Leo amekalishwa kwenye ofisi huko bara, anajaza ripoti, na hajamshika mtoto mgonjwa tangu apelekwe. Akiondoka anadaiwa pesa zote pamoja na faida, na mdhamini ni mamake mzazi. "Mishi, isome nyuma hiyo karatasi," aliniambia. "Mimi nilisoma mbele."

Nikamwambia Ami sitii sahihi. Alinitazama kama niliyemwambia sitalizuru kaburi lako. "Basi wamwacha babako vivyo hivyo?" akasema, na akaenda zake bila kuaga. Maneno hayo yaliniuma kuliko nilivyomwonyesha.

Na bado fomu sikuichana. Nikwambie sababu, maana hukuwahi kuijua, ilitokea ukiwa tayari kitandani. Kuna mama mmoja hapa Bofu, Riziki, muuza mahamri. Alimleta mwanawe Athumani, wa miezi saba, anakohoa na kuhema haraka. Niliandika nimonia, nikampa dawa. Akapata nafuu kidogo, akarudi. Nikaandika nimonia. Akarudi tena, nikaandika nimonia mara ya tatu, na nikamkaripia Riziki kwa kumvua mtoto nguo kwenye upepo. Mara ya nne alikuja Jumanne, siku ambayo bingwa huvuka kutoka kisiwani kuja kutusaidia kwa saa chache. Mzee yule aliweka kifaa chake kifuani kwa mtoto, hata dakika haikuisha, akanitia masikioni. "Sikiza hapa. Si mapafu hayo. Moyo huo."

Nikasikia. Sauti ilikuwapo wakati wote, Baba, ila masikio yangu yaliipita kwa kuwa hayakufundishwa. Riziki hakunikasirikia. Aliuliza tu, "Sasa Dakta, atapona?" na mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama. Athumani yu hai, anatumia dawa za moyo na yupo kwenye orodha ya kupasuliwa, na akiniona hunichekea kwa ufizi. Lakini si kila mtoto anaugua Jumanne.

Kwa hiyo niliutaka ule ubingwa. Niliutaka mpaka nikaanza kujishuku mwenyewe, kwamba tamaa ndiyo inayonisomea ile karatasi, si macho.

Nikasema, basi nijaze fomu pole pole, kujaza si kutia sahihi. Fomu ilitaka taarifa ya mkopo wangu kutoka ofisi ya mikopo. Nikavuka kwa feri kwenda mjini, nikapanga foleni, nikafika dirishani. Kijana mwenye miwani akaandika namba yangu, akasema bila kuinua macho, "Mdhamini wako ameshatumiwa barua mbili. Mwambie ajibu, la sivyo wataanza kumkata." Nikamwambia mdhamini wangu amefariki. Hapo akaniangalia. "Pole sana dada," akasema. "Kazungu amefariki lini?"

Baba.

Nilimwambia asome tena. Akasoma tena. Akanigeuzia kioo cha kompyuta nione, na pengine hakuruhusiwa. Jina lako halikuwapo popote. Lilikuwapo jina la Mzee Kazungu, karani mwenzako wa zamu moja, na sahihi yake ile yenye K kubwa inayoburura mkia. Nilisimama pale mpaka aliyekuwa nyuma yangu akakohoa.

Unaikumbuka siku hiyo? Mimi naikumbuka. Ulirudi kutoka mjini na fomu ndani ya mfuko wa nailoni, ukaomba maji, ukakaa kwenye ngazi, ukasema, "Nimemaliza. Nimekutilia sahihi. Wewe kasome." Nikauchukua mkono wako wa kulia nikaubusu, mbele ya Mama. Nilibusu mkono ambao haukuandika chochote, nawe ukaniacha niubusu.

Njia nzima ya kurudi nilikushuku. Akili ikishaonja shaka haishibi. Nilishuku kwamba ulikuwa na madeni mengine tusiyoyajua. Nilishuku kwamba Kazungu ulimshika kwa siri fulani ya bandarini, gunia lililopotea, lori lililopita bila kuhesabiwa. Nilishuku hata pesa za safari yangu ya kidato cha pili, ulizitoa wapi. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema kwa sauti, na mama mmoja ndani ya feri akajitazama nguo. Nilipofika nyumbani Mama aliniuliza nina nini, nikamwambia jua.

Kesho yake nilikwenda Port Reitz, kwa Mzee Kazungu. Yuko kwenye vile vyumba alivyojenga kwa kiinua mgongo chake, karibu na uwanja wa ndege, ndege ikishuka inabidi unyamaze mpaka ipite. Alikuwa akichambua kunde na mkewe. Aliponiona na ule mkoba wa karatasi hakuuliza nimejia nini. Aliingia ndani, akatoka na Biblia, na ndani yake mlikuwa na zile barua mbili, zimekunjwa vizuri. Alikuwa na haya usoni kama yeye ndiye mwizi.

Nilimwambia aniambie yote, na asiniongopee, maana uongo nimeshakula wa kutosha. Akasema ulimwendea na fomu, ukakaa naye saa mbili mkizungumza mpira, mpaka akajua una shida, kwa sababu mpira huupendi. Halafu ukamwambia, "Kazungu, hapa pana riba. Mimi mkono wangu siwezi kuutia kwenye riba. Lakini mtoto sharti asome." Naye akasema, "Lete." Ndivyo tu. "Mimi ni Mkristo, mwanangu, riba hainijui," akaniambia, akacheka peke yake. Kisha ukamwapisha asiniambie.

Sikucheka. Nakwambia sasa kilichokuwa moyoni mwangu, kwa sababu ulipokuwa hai hukunipa nafasi. Uliuona mkono wako ni msafi kwa kuwa uchafu uliuweka kwenye mkono wa rafiki. Ikiwa ni dhambi, ulimpa yeye. Ikiwa si dhambi, kwa nini hukutia mwenyewe? Nilikusumbua kwa swali hilo kwenye kila sijida kwa wiki nzima, na najua sijida si mahali pake. Na kibaya zaidi, Kazungu alikuwepo mazikoni. Alikuwa nje ya ukuta wa uwanja na wenzake wasio Waislamu, akamsikia Ami kwenye kipaza sauti akisema uliandika kwa mkono wako mwenyewe. Watu wakakuombea kwa deni alilolibeba yeye, na akanyamaza ili heshima yako isishuke mbele ya watu wako.

Nilimwuliza atafanyaje wakianza kumkata. "Pensheni yangu ni ndogo," akasema. "Hata wakiila hawashibi. Wewe usiharakishe kwa ajili yangu." Mkewe aliendelea na kunde, lakini alikuwa anatupa nzima na kubakisha mbovu, nami nikaona.

Hapo ndipo jambo liliponibana, Baba, na ndilo lililonifanya nisilale vizuri siku hizi. Nikitia sahihi, nimejifunga miaka kwa watu nisiowaamini, na huenda wakanifanya kama Wambua. Nisipotia, mzee wa watu akatwe chakula chake kwa ajili ya elimu yangu, na Jumanne ibaki ile ile moja. Mshahara wangu nilishaupima kila upande, hautoshi kuyazima malimbikizo kabla hawajamfikia.

Nilikwenda kwa Ami nikamweleza kwamba jina halikuwa lako. Unajua alisema nini? "Alhamdulillahi! Kwa hivyo ndugu yangu hana deni!" Uso wake ukang'aa. Miezi miwili alikuwa hali vizuri, na hapo hapo akaagiza chai. Nikangoja ainywe nusu. Kisha nikamwambia, "Ami, ulitangaza mbele ya watu kwamba mwalibeba. Hukusema mwalibeba likiwa la nduguyo Hamisi peke yake." Akaweka kikombe chini. Nikaitoa fomu ya mpango. "Na hawa nao wataka mdhamini. Mzee Kazungu hatii sahihi tena kwa ajili yetu. Nimemkataza."

Aliitazama fomu mpaka chai ikaingia nzi. Mwishowe akauliza, "Pana riba?" Nikamwambia hapana, nimesoma mbele na nyuma. Nikiondoka kabla ya muda narudisha walichonilipia, basi. Akaichukua fomu akaenda nayo. Nilisema moyoni, hii hairudi. Kusema mazikoni ni rahisi, karatasi haipo pale.

Siku tatu baadaye akaja, na mara hii akaingia ndani akakaa. Fomu imejaa mistari ya penseli. Mtu mzima yule aliisoma yote, na kwa maneno ya Kiingereza alimshika mwanawe wa mwisho amfasirie. Akaweka kidole mahali fulani. "Hapa wasema utatumikia Likoni, au kituo kingine chochote chenye uhaba. Hicho chochote ni wapi? Mandera? Mwenyezi Mungu awape afya watoto wa Mandera, lakini sisi twataka wa hapa waangaliwe." Baba, mimi daktari nilipita hapo mara kumi. Nilimwangalia nikakuona wewe, lile paji la uso ukihesabu magunia, na nikalazimika kwenda jikoni kwa muda.

Nikaenda na ile fomu ya penseli kwa Bi Wairimu. Nilijiandaa kufukuzwa kwa upole. Nikamwonyesha. "Swali zuri sa…" akaanza, nikamwambia tafadhali usilisifie. Akacheka, kicheko cha kweli, si kile cha hotelini. Akasema maneno hayo hata yeye hayapendi, kwamba hayo ndiyo yaliyowapeleka wengine wasikotaka, na kwamba wengi hawaulizi, wanatia sahihi na kwenda kula. Akachukua kalamu, akayapiga mstari, akaandika pembeni jina la hospitali yetu na maneno "wodi ya watoto", akaweka herufi za jina lake na kuniambia niweke zangu. Halafu akaniuliza, "Daktari, wewe umewahi kumwamini mtu?"

Nikamwambia nilimwamini mmoja. Hakuuliza zaidi, akaenda kuipeleka kwa mkubwa wake igongwe muhuri.

Nami nikaanza kushuku kwa nini imekuwa rahisi hivyo. Nilipofika nyumbani niliuweka ule muhuri kwenye mwanga wa dirisha. Ami naye aliuweka kwenye mwanga. Mama kutoka chumbani kwake akasema tumletee na yeye auone. Hatukuona kosa. Ami akasema bismillahi, akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuoni, akapuliza wino ukauke ingawa kalamu ilikuwa ya kawaida. Kisha nikatia yangu. Sikusikia furaha niliyoitarajia. Nilisikia uzito, na nikaogopa.

Malimbikizo yamelipwa. Nimepiga simu ofisi ya mikopo mara tatu kuhakikisha, kila mara kwa mtu tofauti, na wote wamesema kitu kimoja, jambo ambalo lenyewe lilinitia wasiwasi mpaka barua yenyewe ikafika. Barua hiyo nilimpelekea Mzee Kazungu jana. Imeandikwa kwamba hafuatiliwi tena. Aliisoma, mkewe akaisoma, kisha mzee akaitia kwenye Biblia na kunipa zile mbili za zamani nikazichome.

Nilipokuwa naaga akanishika kiganja. Akaniambia kuna jambo la mazikoni hajapata kumwambia mtu. Imamu alipowageukia watu na kusema mumsamehe marehemu, yeye kule nje ya ukuta hakujua kama na yeye anaambiwa. Hakutaka kuingilia dini ya watu. Kwa hiyo akakusamehe kwa lugha yake, Kigiriama, polepole, ili neno lake lisichanganyike na ya wengine. "Lakini nilimsamehe," akasema. "Usiende huko shuleni ukifikiri nina kinyongo na Hamisi. Tumekula pamoja miaka mingi."

Nimekuja nyumbani na maneno hayo. Wanaume wote uwanjani waliulizwa, Baba, na wote wakasema tumemsamehe, wengi wao hukuwakosea kitu. Kazungu ambaye hata hakuwa na hakika kama anaulizwa, naye akajibu. Mimi niliyekuwa ndani na wanawake, nimeshika mkono wa Mama, hakuna aliyekuja kuniuliza. Ndiyo maana hasira hii imenikalia wiki hizi zote, kwa kuwa nilikuwa na dai na sikuwa na pa kulitoa.

Basi nimejiuliza mwenyewe leo, na najibu. Nimekusamehe. Bado sioni kama ulifanya sawa, na tukikutana mbele ya Mola nitakuuliza tena, ujitayarishe. Lakini nimekusamehe kwa kuniongopea, na kwa ule mkono ulioniacha niubusu. Nilikupenda siku ile kwa jambo ambalo hukulifanya, na sasa nakupenda ukiwa hivyo hivyo, mwoga wa riba, uliyetembea mpaka Port Reitz na kuzungumza mpira usioupenda ili nisome. Nakukosa mno, Baba. Nyumba imekuwa na nafasi nyingi.

Naondoka wiki ijayo kwenda masomoni. Bi Wairimu ninaye kwenye simu, na nakala ya fomu Ami ameifungia kabatini na ufunguo anatembea nao. Wakijaribu kunipeleka kwingine watanijua mimi ni mtoto wa nani. Nitarudi wodini kwetu, masikio yakiwa yamefundishwa, na Riziki akija Alhamisi atanikuta.

Na nakuahidi jambo moja ambalo pengine hutalipenda. Tangu utotoni, mtu akiniuliza nani kakusomesha, nimejibu babangu. Kuanzia sasa nitajibu majina mawili, Hamisi na Kazungu, hata mbele ya watu wako, hata Ami akiwa na kipaza sauti. Kama itakuaibisha, stahimili. Yeye alistahimili.

Pumzika kwa amani ya Mwenyezi Mungu, huna unachodaiwa na mtu huku.

Mimi mwanao, na kidogo mwana wa Kazungu,
Mishi